"Azae kwanza mara moja": maswali kuhusu kuhasi paka hapa Lamu

Mimi natibu wanyama hapa Amu, na wengi wanaoletwa mezani kwangu ni paka. Maswali haya nayaulizwa mlangoni, kwenye mabaraza na njiani Langoni. Nawajibu hapa kama ninavyowajibu uso kwa uso.

Kuhasi ni kufanya nini hasa?

Dume hutolewa korodani. Jike hutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Wote hulazwa kwa dawa ya usingizi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Si bora azae kwanza mara moja, ndipo afungwe kizazi?

Hapana. Hakuna faida yoyote ya kiafya anayoipata paka kwa kuzaa kwanza. Jike anaweza kuingia joto, yaani kuanza kutaka dume, akiwa na miezi minne au mitano, naye mwenyewe bado ni mtoto. Mimba ni kama siku 63 hadi 65, na hushika nyingine hata akiwa bado ananyonyesha. Ukingoja "mara moja" hiyo, unakuja kushtuka ni mara ya pili. Mlete akiwa na miezi minne hadi mitano, kabla ya joto la kwanza. Anayehasiwa mapema hupungukiwa sana na hatari ya saratani ya matiti, na kwa paka saratani hiyo huwa kali.

Lakini wazee wetu husema akizaa mara moja hutulia.

Wazee wetu nawaheshimu, na jibu langu bado ni hapana. Mama mmoja aliniletea paka kwenye kikapu cha ukili, amemfunika kwa leso. Paka alikuwa na miezi saba hivi. Mguu wa kitoto ulikuwa umetokeza nyuma tangu jana yake asubuhi, umeshakauka. Nyumbani walikuwa wakimpaka mafuta ya nazi na kungoja. Tulipompasua tulikuta kitoto kile kimekufa, na viwili vilivyokuwa nyuma yake vimekufa pia. Paka mwenyewe alipona kwa tabu. Yule mama alikuwa amekwisha kuamua kumhasi, ila alitaka azae hawa kwanza.

Paka anayesukuma kwa nguvu nusu saa mpaka saa nzima bila kitoto kutoka, mtafute daktari saa hiyohiyo. Usingoje kupambazuke, wala usimvute kitoto kwa mkono.

Nimeambiwa kuna sindano na vidonge vya kuzuia mimba, tena rahisi.

Rahisi siku ya kwanza. Homoni hizo huweza kujaza mfuko wa uzazi usaha na kuotesha uvimbe kwenye matiti. Ukiona jike hali chakula, anakunywa maji kupita kawaida, tumbo limejaa au anatokwa na uchafu nyuma, huyo anahitaji upasuaji upesi. Tafadhalini, acheni kuwapa paka dawa za uzazi za watu.

Akizaa nitawapeleka watoto soko la samaki. Pale si watapata riziki yao?

Hawapati. Kitoto kisichotimiza wiki nane hakijui kupigania kichwa cha samaki mbele ya mapaka shume. Mimi ndiye ninayeletewa boksi siku ya tatu: macho yamegandana usaha, matumbo yamejaa minyoo, wawili wako hai kati ya watano. Wanaopona nao huzaa kabla ya mwaka. Hesabu mwenyewe: jike mmoja akizaa wanne, wawili wakiwa majike, baada ya miezi michache una majike watatu wanaozaa. Ndiyo maana vichochoro vyetu vimejaa paka wenye vidonda, na ndiyo maana wapo watu wanaotega sumu. Aliyeanza ni yule aliyetupa boksi.

Kidini inafaa?

Mimi si shehe, muulize wako. Ninachojua ni kwamba wapo wanazuoni walioruhusu pakiwa na haja na mnyama asidhurike. Na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia mpaka akafa njaa sote tunaijua.

Akihasiwa ataacha kukamata panya?

Hataacha. Dume hupunguza kuzurura, kupigana na kukojolea milango. Ila mfungie wiki kadhaa baada ya upasuaji, maana mbegu hazimalizi siku ileile.

Mbona paka wengine wa mtaani wamekatwa ncha ya sikio?

Hukatwa wakiwa wamelala kwa dawa, ili ijulikane kwa mbali kwamba ameshahasiwa na asikamatwe tena kupasuliwa bure. Ukimwona, mwache na mlishe.

Sina pesa.

Ulizia siku za kuhasi kwa bei nafuu. Gharama hushuka kwa sababu paka wengi hupasuliwa kwa siku moja na wafadhili huchangia dawa. Kisha linganisha na kulisha watoto watano miezi miwili, au upasuaji wa usiku wa paka aliyekwama kuzaa. Huo hauna bei nafuu.

Nimtayarishe vipi, na nimtunzeje baadaye?

Paka mkubwa asile tangu usiku. Kitoto huzuiwa kula saa chache tu, kwa hiyo uliza kwanza. Mlete kwenye kikapu chenye kifuniko, si kwenye gunia. Baadaye akae ndani kama siku kumi na asilambe mshono. Usimpe panadoli hata robo kidonge. Dawa hiyo huua paka. Maumivu yake yana dawa yake, na tutakupa sisi.

Wangu ana miezi mitatu na nusu. Nimlete lini?

Mwezi ujao. Ukisikia analia usiku kucha na kubinua kiuno, joto limeshaingia. Mfungie ndani na umlete asubuhi, hivyohivyo alivyo.