Mtoto wa kitengo naye aruhusiwe kukataa

Nafundisha darasa la kitengo hapa Dar, watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, na wazazi siku hizi wananiuliza sana wamlindeje mtoto asichezewe mwili na watu. Jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi: mzoee kukukatalia.

Angalia tunavyowalea jamani. Kutwa nzima ni kaa, simama, vua, inama nikuoshe, akitii anapigiwa makofi, na anayemuosha ni yeyote aliyepo, mama, bibi, dada wa kazi, shangazi aliyekuja kusalimia tu. Mpaka anavunja ungo keshazoea kwamba mkubwa yeyote akisema vua ni kuvua, afu tunategemea siku ikitokea apige kelele, azitoe wapi? Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na hapo ni wasichana kwa ujumla, sio wa kwetu tu. Na "usiongee na usiyemjua" haimsaidii sana, maana mara nyingi ni mtu anayeingia humo humo ndani na biskuti mkononi.

Kwahiyo darasani tunaanza na vitu vidogo. Hutaki uji? Sawa, usinywe. Kabla sijamfuta nauliza "nikufute?" na nasubiri, asiyeongea ananyoosha kiganja au anagusa kadi nyekundu, na akikataa kweli naacha kwanza. Dawa na sindano hapo hamna kukataa, ila achague mkono wa kuchomwa.

Kitu cha pili ni kujihudumia, na hapa ndo natumia muda mwingi kuliko pote, hasa pedi. Usisubiri damu ije, matiti yakianza tu na wewe anza. Chukua chupi yake, weka pedi pale inapokaa, zungushia alama kwa maka peni ili ajue inaenda wapi, halafu nyingine idondoshee juisi ya rozela aone pedi iliyochafuka inafananaje. Naanzia mwisho narudi nyuma: mimi nafanya hatua zote yeye anapandisha chupi tu, akiiweza hiyo namuachia na ya kubandika, hivyo hivyo mpaka kila kitu kiwe chake, kukunja iliyotumika kwenye karatasi, kutupa, kunawa. Mnafanyia chooni kabisa, na mama arudie na choo cha nyumbani, maana wengi wao walichojifunza sehemu moja hawakihamishi wenyewe kwenda nyingine, komeo la shule analifunga vizuri la nyumbani analikodolea macho. Ni miezi, sikudanganyi, ila kila hatua anayoiweza ni mtu mmoja amepungua wa kumvua nguo.

Wavulana tunawasahau sana. Akijishika mbele za watu asichapwe, mpeleke chumbani kwake, funga mlango, sentensi fupi ile ile kila siku: "hapa ndo pa faragha". Atazoea.

Majina nayo, uke, uume, makalio, yataje kama unavyotaja goti. Najua bibi atanuna. Ila mtoto akisema kaumizwa "kwenye ua", polisi ataandika nini?

Halafu asiyeongea atakuonyesha kwa tabia: aliyekuwa anaenda chooni vizuri anaanza kujikojolea, ghafla hataki kuoga, au analia akisikia pikipiki ya mtu fulani, na ukisema ndo ulemavu wake huo umeshampoteza. Mpe mchoro wa mwili aonyeshe, usimtajie jina la mtu, maana wengi wanaitikia ndiyo kwa chochote. Ukiona ni kweli usimuogeshe, nguo usizifue, weka kwenye mfuko wa karatasi sio wa nailoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu dawa za kuzuia VVU mwisho wake ni saa 72, na polisi uliza dawati la jinsia na watoto. Ukikwama piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, na hawadai ushahidi kwanza ndo wakusikilize.