Umevunjika mkono baada ya kukoma hedhi? Usiishie kwenye POP

Mama wa miaka 50 na kitu anateleza uani, anajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika. Anapigwa eksirei, anafungwa POP, mfupa unaunga, anarudi kwenye shughuli zake. Wengi ninaowapokea kliniki hawajaulizwa jambo la msingi: kwa nini mfupa uvunjike kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama? Huenda mfupa wenyewe umedhoofika, hali iitwayo osteoporosis.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kuna seli zinazoula mfupa mkuukuu na nyingine zinazoweka mpya, na homoni ya estrojeni ndiyo inayowadhibiti wabomoaji. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na ubomoaji huuzidi ujenzi. Miaka 5 hadi 7 ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi: mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake, na hasikii maumivu yoyote.

Si wote wanaopoteza sawa. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45 au aliyeondolewa ovari zote mbili huanza mapema. Wembamba uliozidi, sigara, pombe nyingi, kukaa kutwa bila kutembea, mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga: yote hayo yanahesabika.

Ninalolipigia kelele zaidi ni vidonge vya steroidi. Prednisolone na dexamethasone zina kazi zake halali, lakini wapo wanaozinunua dukani bila cheti cha daktari, kwa ajili ya viungo kuuma au ili wanenepe. Ukizimeza miezi 3 au zaidi, zinadhoofisha ujenzi wa mfupa hasa wakati estrojeni nayo imeondoka. Kama umezitumia muda mrefu usiache ghafla, maana mwili unaweza kuzidiwa. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Tenofovir, iliyomo kwenye ARV nyingi, nayo hupunguza mfupa kidogo. ARV usiache kamwe, ila mwambie daktari wako kwamba hedhi imekoma.

Chakula nacho. Baada ya miaka 50 mwanamke anahitaji kalsiamu takriban miligramu 1,200 kwa siku. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao wanayo. Minofu ya sangara haina kiasi hicho, kwa sababu mfupa umebaki pembeni ya sahani. Na jua letu la mwaka mzima, linalouwezesha mwili kutengeneza vitamini D ya kufyonza kalsiamu, halimsaidii anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili wote kila atokapo, asipopata faragha ya kuota jua mikono na miguu.

Angalia pia magauni yako. Lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu likianza kuburuza, simama ukutani upimwe urefu. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi kulinganisha na ujana wako, huenda pingili za uti wa mgongo zimebonyea.

Mashine za DXA, zinazopima wingi wa madini kwenye mfupa, kwetu ni chache. Kuzikosa kusikucheleweshe: nyonga au pingili iliyovunjika kwa anguko dogo inatosha kumfanya daktari afikirie matibabu. Akikuandikia alendronate ya miligramu 70, dawa inayopunguza ubomoaji wa mfupa, ni kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa. Kisha kaa wima au tembea nusu saa bila kulala, kisije kikaunguza koo la chakula.