Jua la Dodoma, kitambi na vitamini D

"Daktari, na jua lote hili la Dodoma, mimi ndiye wa kupungukiwa vitamini D?"

Aliyeniuliza ni mama wa miaka hamsini na kitu, mtumishi aliyehamia hapa na ofisi yake. Kiuno sentimita 104, presha 148 kwa 92, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4, trigliseridi, yaani mafuta kwenye damu, juu. Kati ya vipimo vitano tunavyotumia kutambua sindromu ya metaboli, yaani kitambi, presha, sukari, trigliseridi na lehemu nzuri (HDL) iliyoshuka, vitatu vikiharibika vinatosha. Yeye alikuwa na vinne. Vitamini D yake ilisoma nanogramu 14 kwa mililita. Chini ya 20 huhesabiwa upungufu.

Swali lake ni la haki kabisa. Tupo kama digrii 6 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa mita 1,100 hivi, na mara mbili kwa mwaka jua linatupita utosini. Wamasai na Wahadzabe wa nchi hii hii walipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46. Ngozi zao ni nyeusi kama zetu. Kwa hiyo siwezi kuisingizia rangi peke yake, ingawa ni kweli melanini, ile rangi ya ngozi, hupunguza kasi ya ngozi kutengeneza vitamini D kwa jua na sisi tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko Mzungu.

Nilimwomba anisimulie siku yake. Saa 12 na nusu asubuhi yumo kwenye gari, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Kutwa yuko ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Saa 12 jioni anafanya mazoezi ya kutembea, na nilimpongeza kwa hilo. Lakini miali inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, na jua likishakuwa chini karibu haifiki ardhini kabisa. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi kimo, ngozi inapata kidogo mno. Ndiyo maana hata lile jua la saa 1 asubuhi tunalowaanikia watoto halina nguvu tunayodhani.

Hata hivyo, kwa watu wenye kitambi jambo zito liko ndani ya mwili. Vitamini D hupenda mafuta. Ikishatengenezwa kwenye ngozi au kumezwa, sehemu kubwa huishia kwenye tishu za mafuta na kukaa huko, na iliyobaki kwenye damu inakuwa kama kijiko cha chumvi kwenye sufuria la shughuli. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaangazia miali ileile watu wanene na wasio wanene. Malighafi kwenye ngozi zao haikutofautiana sana, lakini ongezeko la vitamini kwenye damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Ndiyo sababu mtu mnene akihitaji vidonge, mara nyingi dozi yake huwa mara mbili au tatu ya mwenzake.

Halafu kuna ini. Hapo ndipo vitamini hubadilishwa kuwa ile tunayoipima maabara, na wengi wenye sindromu hii wana ini lililojaa mafuta. Kimeng'enya cha kazi hiyo, yaani protini inayoiendesha, huonekana kupungua kwa mtu mnene. Figo ndizo zinazomalizia kuipa vitamini nguvu yake, na presha na sukari za muda mrefu huzichosha hizo hizo. Dawa nazo: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU na baadhi ya dawa za kifafa huharakisha kuvunjwa kwake, kwa hiyo nitajie kila unachomeza.

Chakula kina mchango mdogo. Samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai ndivyo vyenye vitamini D ya maana. Alizeti zetu za Dodoma na Singida hugeuka na jua zikiwa changa, lakini mafuta yake hayana hata chembe. Ugali wa uwele na mlenda hauna pia, ila ninautetea kwa sababu nyingine: uwele una magnesiamu, ambayo vimeng'enya vya vitamini D huihitaji, na mwenye kisukari hupoteza magnesiamu kwenye mkojo. Sembe nyeupe imekobolewa hadi ikabaki nayo kidogo.

Sasa, vidonge vitaponya sindromu? Hapa nakuwa mkali, kwa sababu nawaona watu wakiacha dawa za presha wakanunua vitamini. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani la watu 2,423 walio ukingoni mwa kisukari. Nusu walimeza yuniti 4,000 za vitamini D kila siku. Waliopata kisukari hawakupungua kwa kiwango cha kuaminika. Namba ndogo ya vitamini D mara nyingi ni kivuli cha kitambi, na kuizidisha kwa kumeza ovyo hupandisha kalsiamu na kuumiza figo.

Yule mama nilimpa dozi ya kuziba upungufu, dawa zake za presha zikabaki palepale. Matembezi matatu kwa wiki tumeyahamishia saa ya chakula cha mchana, dakika ishirini, mikono wazi. Miezi mitatu ikifika nitaanza na futi kamba kiunoni, damu itafuata.