Udongo hauzoei mbolea

Jumamosi sokoni Tengeru nilimwamkia mzee mmoja mwenye michungwa 60 huko Kikwe. Aliitikia marahaba, na kabla sijauliza habari za nyumbani akaniambia: “Mwanangu, ya dukani nimeachana nayo. Ardhi yangu imeshazoea mbolea. Sasa ni samadi tu.” Alikuwa mtu wa nne kuniambia hivyo wiki ile. Nimechoka kulijibu hili nikiwa nimesimama juani, kwa hiyo naliandika.

Udongo hauzoei mbolea. Kinachotokea ni hiki. Mtu anaweka urea peke yake miaka sita. Mwaka wa kwanza na wa pili miti inakuwa ya kijani kibichi na inazaa hadi matawi yanategemezwa kwa miti. Baadaye mavuno yanashuka. Anaongeza kutoka nusu kilo hadi kilo nzima kwa mti, hakuna badiliko, na hapo ndipo neno “imezoea” linapozaliwa. Lakini kirutubisho pekee kilichomo kwenye urea ni naitrojeni! Kila gunia la machungwa linaloshuka soko la Kilombero limebeba potasiamu, na kidogo kidogo magnesiamu na zinki, na hakuna aliyezirudisha. Majani makavu na magugu yanafagiliwa na kuchomwa ili shamba lionekane safi, kwa hiyo mboji nayo imekwisha, udongo umekuwa mgumu na maji ya mvua yanapita juu juu. Mlishe mtoto ugali mtupu miaka sita, akidhoofika utasema amezoea ugali?

Ukweli uliomo ndani ya malalamiko hayo naukubali: urea na SA (mbolea ya salfeti ya amonia) huongeza tindikali kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Huku juu kwenye miteremko ya Mlima Meru, penye mvua nyingi, hilo ni tatizo la kweli. Ukishuka chini kwenye udongo wa magadi, tindikali hiyohiyo ya SA inasaidia, kwa sababu ni magadi yanayofungia zinki na chuma mti usivipate. Kwa hiyo anayesema “mbolea inaua udongo” bila kuuliza ni mbolea gani na udongo upi, hajasema kitu.

Sasa hao wa samadi tu. Tupige hesabu pamoja. Ndoo ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ina kama kilo 10, na ndani yake naitrojeni gramu 100 hivi. Msimu wa kwanza mti unapata kama theluthi yake, kwa sababu iliyobaki inaachiliwa polepole. Mchungwa mkubwa unaozaa nauwekea lengo la naitrojeni gramu 400 kwa mwaka. Hiyo ni ndoo 12 kwa mti, ndoo 720 kwa michungwa ya mzee wangu. Ana ng'ombe wawili! Atakachofanya ni kugawa ndoo mbili mbili, halafu mwakani aseme hata samadi haifai.

Weka ndoo 3 kwa mti kabla ya masika. Zinakupa kama gramu 100. Gramu 300 zilizobaki zitoke dukani: urea gramu 650, maana karibu nusu yake tu ndiyo naitrojeni, igawe mara tatu wakati udongo una unyevu, na uifukie. Ukiiacha juu, hasa kwenye magadi, inapotea hewani kama amonia. Ukiichanganya na majivu ya jikoni, vilevile. Potasiamu usiisahau. Samadi inashika maji na virutubisho, hivyo ulichokilipia dukani hakikimbii na mvua ya kwanza. Ndiyo maana nazitaka zote mbili kwenye mti mmoja.

Samadi ya kuku yenye maranda mabichi usiipeleke moja kwa moja shambani. Vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua udongoni kabla ya mizizi. Mti unageuka njano miezi kadhaa na mtu anasema samadi imeuchoma. Ilundike kwanza, imwagie maji, igeuze mpaka ioze.

Na usirundike chochote kwenye shina, litaoza. Mizizi inayokula iko chini ya ncha za matawi na kuzidi hapo.

Hizo namba zangu ni za kuanzia. Samadi iliyonyeshewa zizini miaka miwili na ile iliyotunzwa chini ya paa zinafanana kwa macho, na nguvu zake hazikaribiani kabisa. Majani nayo yananidanganya. Niliwahi kumwambia mama mmoja apulizie zinki msimu mzima, kumbe mti wake ulikuwa na ule ugonjwa wa njano unaoenezwa na wadudu wafyonzao majani machanga, ambao hauponi kwa mbolea yoyote. Gharama hiyo niliisababisha mimi. Siku hizi nikiona njano ya mabaka yasiyolingana pande mbili za jani, sishauri mbolea kwanza.

Mzee wa Kikwe hakukubali yote. Tumeafikiana michungwa 10 ilishwe kwa mtindo huu, 50 aendelee na samadi yake, na magunia ahesabu mwenyewe. Samadi ya hiyo 10 ameshaifunika kwa majani ya migomba.