Henry14 Hakuwa Mtoto wa Miaka 14

Wiki iliyopita afisa wa taasisi moja ya mikopo hapa Mwanza alimrudishia fomu mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, akimweleza kwamba baruapepe inayoanza na "mamadagaa" haina hadhi, na kwamba mtu anayejiita jina la utani mtandaoni lazima ana jambo analolificha. Mama huyo alikuja kwangu kwa kuwa riziki yangu ni kurudisha akaunti zilizopotea, na kabla ya hapo nilihudumu katika intaneti kafe moja ya Barabara ya Kenyatta kuanzia 2003. Kauli ya yule afisa nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Watu husahau kwamba majina yale yalichaguliwa huku saa ikihesabu. Nusu saa ilikuwa shilingi 500, kompyuta 10 ziligawana dishi moja la setilaiti, na SEACOM, kebo ya kwanza ya intaneti ya chini ya bahari, haikuanza kazi Dar es Salaam hadi Julai 2009. Ukurasa wa kujisajili ulifunguka taratibu kama mlango wenye kutu, na ulipomaliza kufunguka mteja alikuwa amebakiwa na dakika chache za kutafuta jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyekwisha kulichukua. Asiyejua kuchapa alinitajia jina, nami nikalichapa. Likikataliwa, nilijaribu jingine bila hata kumuuliza, kwa sababu nyuma yake palikuwa na foleni. Baadhi ya majina yanayosomwa leo kama kioo cha nafsi ya mtu niliyatunga mimi, nikiwa na njaa.

Wala mazoea ya kujiita hayakuletwa na kompyuta. Waliotuma kadi za salamu redioni walikuwa na majina ya kujitapa ambayo mtangazaji aliyasoma kwa mbwembwe, na jirani wote walijua ni nani. Malenga Andanenga alijulikana katika ushairi kama Sauti ya Kiza, na hakuna aliyemshuku kwamba anamkimbia mtu. Hata tarakimu iliyoshika nafasi ya neno ilitutangulia: kabla ya kuitwa Mr. II, yule msanii wa rap aliitwa 2-Proud, na vijana wa Mwanza walikuwa wakiandika a.k.a. kwenye majalada ya madaftari yao kabla ya kugusa kibodi.

Ushabiki ndio uliojaza orodha zetu. Katika msimu wa 2003/04 Arsenal ilicheza mechi 38 za ligi bila kufungwa hata moja, na Thierry Henry alivaa jezi namba 14. Msimu huo nilichapa henry14, henry_14 na thierry14mza hadi vidole vikazoea. Mmoja wa wateja hao alikuwa seremala wa Mabatini mwenye watoto watatu. Mwaka jana kijana mmoja wa ofisini aliniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama ni halali kwa mtoto wa miaka 14 kumiliki akaunti ya zamani kiasi kile. Wengine waliweka 255 ya nchi, na waliokipenda kijiji chao kikubwa waliweka 028, msimbo wa simu za mezani wa Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu baada ya ng katika ng'ombe. Msukuma anapomtaja Ng'wanamalundi, yule bingwa wa ngoma na miujiza ambaye masimulizi yake hayajaisha Usukumani, hatamki n kisha g. Anaanza na sauti ileile iliyomo katika ng'ombe. Mashine haikulijua hilo. Fomu nyingi zilikubali herufi, tarakimu, nukta na kistari cha chini tu, na ritifaa ilikuwa na kosa la ziada, kwa kuwa katika lugha ya hifadhidata alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi: mtengeneza programu mzembe aliyeiruhusu bila kinga alikuta amri zake zimekatika katikati, na mwoga aliipiga marufuku. Kijana wa Igoma aliyetaka kujiita ng'wanamalundi aliambiwa kwamba jina hilo si halali. Basi mmoja akaandika ngwanamalundi, mwingine nwanamalundi, wa tatu akakimbilia Kiswahili na kuandika mwanamalundi, na wa nne akaweka nukta mahali pa ritifaa. Kwenye IRC, mfumo wa zamani wa kupiga soga mtandaoni, ambao itifaki yake ya 1993 ilitoa nafasi ya herufi 9 tu, angeishia kuitwa ngwanamal.

Miaka kumi baadaye mtu huyo anakuja kwangu akiapa kwamba jina lake analikumbuka, na kweli analikumbuka, ila anachokumbuka ni sauti, ilhali tahajia ilikuwa ni maafikiano yake na fomu. Katika Gmail nukta haina neno, kwa kuwa hupuuzwa. Kwingineko nukta moja ni mtu mwingine kabisa. Niliwahi kukaa mchana mzima na mteja tukijaribu tahajia moja baada ya nyingine, na mwishowe ikawa ng_wana. Halafu anatokea mtu wa kusema kwamba huyu alikuwa anajificha!

Nakiri kwamba hoja yangu ina tundu. Waliojificha walikuwapo: mwanamume mmoja alikuwa na jina la kike kwenye Yahoo Messenger, nami sikusema neno kwa sababu alikuwa mteja wa kila siku. Tena simulizi za majina nazisikia baada ya miaka ishirini, zikiwa zimekwisha kupigwa msasa, na hata jina langu la kwanza la mtandaoni mimi mwenyewe nalieleza kwa namna tatu kulingana na anayeniuliza. Kutazama jina na kumtenga aliyejificha na aliyejipamba, siwezi. Afisa yule naye hawezi, ila yeye ana muhuri.

Kuhusu mama wa dagaa, kulikuwa na sababu halali ya kuikataa anwani yake, na afisa hakuijua. Aliifungua mwaka 2004 ili amwandikie mwanawe aliyekuwa akisoma India, akaacha kuitumia mwanawe aliporudi, na mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina yaliyokaa zaidi ya miezi 12 bila kutumika yataachiwa wengine. Barua ambayo angetumiwa na taasisi ile ya mikopo ingeweza kufika kwa mtu asiyemjua.

Nikamfungulia akaunti mpya kwa majina yake mawili ya kwenye kitambulisho, kama afisa alivyotaka. Yalikuwa yamechukuliwa. Nikayageuza, nikaweka nukta katikati, yamechukuliwa.

"Tuongeze nini, mama?"

Akatazama ukutani kama anayetafuta saa, ingawa kwangu hakuna anayelipia dakika siku hizi.

"Weka 028, mwanangu," akasema, "na hilo la dagaa usilitupe."

Likakubaliwa mara moja.