Pumzi inayokatika usiku kwa mgonjwa wa moyo

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, akiulizwa kliniki kama analala vizuri, mara nyingi hujibu kwamba analala, wala hasemi uongo, kwa sababu aliyelala hajui pumzi yake inapokatika. Anayejua ni yule aliye ubavuni mwake. Mama mmoja alitujia na video aliyoirekodi kwa simu usiku, kando ya chandarua: shuka lililofunika kifua cha mumewe linapanda na kushuka, kila pumzi kubwa kuliko iliyotangulia, kisha linapungua kidogo kidogo hadi linatulia kabisa, na mama anasikika akihesabu kwa kunong'ona mpaka 22, ndipo kifua kinaanza tena.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja. Kwa mtu mzima, matukio 5 au zaidi kwa saa si hali ya kawaida, na yakivuka 30 tatizo ni kubwa. Tafiti nyingi zimelikuta tatizo hili kwa takriban nusu ya wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa, au hata zaidi, na ndiyo maana tunamuuliza kila mmoja wao, awe mnene au mwembamba.

Ziko aina mbili, na kuzitofautisha ndiyo kazi yenyewe ya uchunguzi. Katika aina ya kwanza koo huziba: kifua na tumbo huhangaika kuvuta hewa isiyopita, mgonjwa hukoroma, hunyamaza, kisha hushtuka kwa mkoromo mkubwa, huku presha ikipanda na oksijeni ikishuka. Maji yaliyovimbisha miguu mchana nayo husogea kuelekea shingoni anapojinyoosha kitandani, yakazidi kulibana koo. Katika aina ya pili koo li wazi, ila ubongo hautoi amri ya kupumua. Mapafu yaliyojaa maji humfanya mgonjwa aheme kupita kiasi, kabonidioksaidi ikapungua katika damu, na kwa kuwa hiyo ndiyo inayouchochea ubongo kuamuru pumzi, amri husita. Damu inayotembea polepole huchelewesha taarifa, na mzunguko hujirudia. Upumuaji huo wa kupanda na kushuka, uliothibitishwa baadaye kwa mume wa yule mama, unaitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Dublin, Cheyne aliyeueleza mwaka 1818 na Stokes mwaka 1854.

Dodoso la Epworth, lenye maswali 8 kuhusu kusinzia mchana, halitoshi hapa, kwani wagonjwa wengi wa moyo hawasinzii hata kama pumzi zao hukatika usiku kucha. Tunauliza pia kuhusu kuamka na maumivu ya kichwa, kukojoa mara nyingi usiku, na kushtuka kama mtu aliyekabwa, jambo ambalo wengi hulisingizia jinamizi. Kifaa cha kubana kidoleni kinachorekodi oksijeni hadi asubuhi hutuonyesha nani apewe kipaumbele, lakini aina hujulikana kwa uhakika kwa kipimo kamili cha usingizi, kinachofuatilia kwa pamoja ubongo, hewa ya puani, mwendo wa kifua na tumbo, moyo na oksijeni.

Tunasisitiza aina kwa sababu nzito. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa SERVE-HF wenye wagonjwa 1,325, ambao mioyo yao ilisukuma asilimia 45 au chini ya hapo ya damu iliyomo kwa kila pigo, na ambao matukio yao mengi yalikuwa ya aina ya pili. Waliopewa mashine ya kupumulia usingizini inayojirekebisha kufuata pumzi walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa zaidi ya wenzao wasiopewa. Kwa hiyo nazisihi familia zisiagize mashine ya kupumulia kwa ndugu aliye ng'ambo kabla ya kipimo. Mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo lisilobadilika huwafaa wengi wa aina ya kwanza. Kwa aina ya pili tunaanza kwa kurekebisha dawa za moyo na kupunguza maji mwilini, na wapo ambao pumzi hutulia kwa hilo tu. Dawa za usingizi na pombe ziepukwe, kwani hulilegeza koo.

Mgonjwa aje kliniki na anayelala naye chumba kimoja, au na video ya dakika chache inayoonyesha kifua na kunasa sauti. Lakini anayeamka akitweta, anayeshindwa kulala bila kuongezewa mito, au aliyeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Aletwe hospitali siku hiyohiyo.