Disney kwa siku moja? Hapana, dada

Juzi nimepigiwa tena. Dada mmoja wa Dallas, wazazi wake wanakuja kutoka Arusha mwezi Julai, mara yao ya kwanza Marekani, na yeye ana watoto watatu. "Dada, tuna Jumamosi nzima. Asubuhi Magic Kingdom, mchana tunapitia zile nyingine, jioni Universal. Jumapili tunarudi." Nilinyamaza hadi akauliza kama simu imekatika.

Nawapangia watu wetu safari za Orlando, mji wa Florida iliko Disney hii, na shule za Tanzania zikikaribia kufunga Juni, kisha za Kenya Agosti, maneno haya nayasikia karibu kila wiki. Basi leo nayaandika, nipumzishe sauti.

Dhana yenyewe ni kwamba Disney ni uwanja mmoja wenye geti moja, unaingia, unazunguka, unatoka. Ukweli ni kwamba Walt Disney World ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja ina geti lake, na kati ya moja na nyingine ni mwendo wa gari au basi. Bustani mbili za maji sijazihesabu. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 100. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni 117. Sasa niambie, nani alishamaliza mbuga ile asubuhi, akala chakula cha mchana, akaenda kuzunguka nyingine tatu? Na Universal si Disney. Ni kampuni nyingine, iko mahali pengine kabisa, ina tiketi zake yenyewe, na tangu Mei 2025 nayo imeongeza bustani mpya, Epic Universe.

Nitakueleza asubuhi moja tu ya Magic Kingdom. Unaegesha gari, lakini hapo hujafika. Kuna ukaguzi wa mabegi, halafu unavuka ziwa kwa kivuko au unapanda treni ya reli moja ya juu. Kivuko hicho ni kama cha Likoni, ila hakina magari wala wauza karanga. Ukiwa na bibi anayetembea polepole na mtoto aliyekumbuka choo dakika ya mwisho, kutoka kwenye gari hadi getini tenga saa nzima. Bado hujapanda mchezo hata mmoja, na foleni za michezo mikubwa mchana wa Julai huzidi saa moja bila kuona haya. Saa saba mtoto mdogo ameshalala begani, wa kati analia, babu amekaa kivulini anauliza tunarudi lini. Hapo ndipo mtu anataka kuwapandisha basi waende EPCOT, ambako njia ya kuzunguka mabanda ya nchi kumi na moja peke yake ni kama kilomita mbili!

Kwa hiyo, wageni wa mara ya kwanza: bustani moja kwa siku. Usinunue tiketi ya kuhama bustani, utalipia kitu ambacho miguu ya wazazi wako haitakitumia. Fikeni geti halijafunguliwa, chezeni hadi saa sita, rudini hotelini mkalale na kuogelea, kisha mrejee saa kumi na moja jioni. Watu hunijibu, "Lakini tumelipia siku nzima." Mmelipia pia watoto wenye akili timamu. Na baada ya kila siku mbili wekeni siku ya kutofanya lolote. Ushauri huu hukataliwa na kila mteja, na siku ya tatu hao hao hunitumia ujumbe wa kunishukuru.

Kama siku ni mbili tu, wapelekeni Magic Kingdom na Animal Kingdom. Najua mtakachosema: "Nitoke Arusha kuja kuangalia twiga Florida?" Pale kuna kijiji kinachoitwa Harambe, kimejengwa kwa sura ya miji ya mwambao wetu, kina vibao vya Kiswahili, na safari ya lori ya kuangalia wanyama imepewa jina la Kilimanjaro. Nilimpeleka mzee mmoja aliyekuwa amenuna tangu uwanja wa ndege. Alisimama akisoma kila kibao kwa sauti, akisahihisha kama mwalimu na daftari la mwanafunzi. Tulimtoa kwa kumbembeleza.

La pili kwa kunichosha: "Sisi ni watu wa Dar, jua la Florida litatufanya nini?" Julai Dar ni majira ya ubaridi na upepo wa bahari unapita. Orlando iko bara, joto hufika nyuzi 33, na unyevu wa hewa unakubana kama mvuke wa sufuria. Isitoshe, Dar saa saba mchana mwenye akili yuko kivulini. Huku utakuwa juu ya lami. Kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, si ndala. Maji msinunue: vibanda vya chakula vinavyouza soda za mashine hukupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho, mradi kisiwe kwenye chupa za glasi. Na kila mama abebe khanga mbili. Moja ya jua, ya pili ya kumfunika mtoto ndani ya mgahawa, maana kiyoyozi cha Wamarekani hakina huruma.

Mvua nayo. "Ikinyesha tumepoteza hela." Mchana wa kiangazi Florida radi ni karibu desturi, pepo za bahari za pande mbili zinakutana katikati ya rasi. Michezo ya nje husimamishwa radi ikikaribia, watu wanakimbilia magari, na mara nyingi ndani ya saa moja kumeshakauka. Wewe uliyekuja na koti la mvua kutoka nyumbani ubaki. Foleni huwa fupi wakati huo.

"Mtoto wangu ni jasiri, watamruhusu." Wanapima urefu, si ujasiri. Kwa treni za kasi za Magic Kingdom, Space Mountain ni sentimita 112, Tron ni 122, na mhudumu mwenye kijiti cha kupimia habembelezeki. Mpimeni nyumbani, alie huko. Wazazi ombeni utaratibu wa kubadilishana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wa pili anapanda bila kupanga foleni upya. Ni bure, na sijui kwa nini watu wanaona aibu kuuliza.

Umri pia: aliye chini ya miaka mitatu hahitaji tiketi. Akitimiza kumi, Disney wanamhesabu mtu mzima.

Tiketi za nafuu za kando ya barabara ya 192 kule Kissimmee, mji jirani na Disney, zile "zimebaki siku mbili"? Tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine, na getini wanachukua alama ya kidole. Umenunua karatasi.

Basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege liliisha mwanzoni mwa 2022. Aliyekuambia lipo alikwenda zamani.

Na Disneyland iko Anaheim, California, kama kilomita 4,000 kwa barabara kutoka hapa. Angalieni jina kabla ya kulipa. Nimeshapokea familia yenye hoteli Florida na tiketi za Anaheim.

Dada wa Dallas amekubali siku nne. Jana usiku ameniandikia kuuliza kama wakati wa kurudi wanaweza kupitia Miami.